Sekunde Mbili za Kwanza

"Fundi, nifunge nini gari likimbie?"

Kila gereji inayohudumia vijana wenye Subaru, Altezza na Mark X inalijua swali hili. Majibu ya mtaani huwa tayari: filta ya hewa ya wazi, bomba la moshi lenye mdomo mpana, turbo kubwa zaidi, kompyuta ya injini ichezewe. Yote ni ya injini na yote ni ya pesa. Na wengi wanaoyatoa hawajawahi kulipeleka gari mahali penye saa.

Penye saa mambo hubadilika. Katika mbio za dragi magari mawili hushindana kwenye njia iliyonyooka ya robo maili, yaani mita 402. Gari la kawaida la barabarani linaweza kupunguza nusu sekunde hapo bila kufungwa skrubu moja mpya. Nusu sekunde hiyo ukitaka kuipata kwa injini peke yake, kwa gari linalomaliza kwa sekunde 14 na ushei, itabidi uongeze nguvu kwa zaidi ya asilimia 10. Filta ya wazi haikufikishi huko, hata ikipiga kelele namna gani.

Simama kwenye taa za barabarani za mji wowote mkubwa wa Afrika Mashariki. Taa ikiwaka kijani, bodaboda ya cc 150 inachomoka na kuliacha V8 la mkubwa, ambalo injini yake ina nguvu mara kumi na ushei zaidi ya ile ya pikipiki. Baada ya mita hamsini au mia V8 linaikuta na kuipita, lakini zile mita za mwanzo zilikwisha kuwa za bodaboda. Katika dragi, mita hizo za mwanzo ndizo zenye bei kubwa kuliko zote.

Mahali pa kujipima

Mchezo huu ulikulia kusini mwa California. Vijana walikuwa wakishindana kwenye mabonde ya maziwa yaliyokauka na, usiku, kwenye barabara za watu. Mwaka 1950 njia ya mbio ya kulipia kiingilio ilifunguliwa Santa Ana, kwenye uwanja wa ndege. Mwaka uliofuata Wally Parks alianzisha chama cha NHRA, na mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kuwatoa vijana hao barabarani. Leo njia nyingi za Marekani zina usiku wa kujipima: unalipa, gari linakaguliwa, unapanga foleni na gari lile lile ulilokwenda nalo kazini asubuhi.

Kila ninachoeleza hapa ni cha mahali kama hapo. Gari la familia likimaliza robo maili linakuwa kwenye kilomita 150 kwa saa, na njia ya dragi ina eneo refu tupu la kupunguzia mwendo. Barabara ya umma ina daladala, ng'ombe na mtoto anayevuka.

Saa inaanza lini hasa?

Watu wengi hudhani saa inaanza taa ya kijani ikiwaka. Sivyo. Taa ziko kwenye nguzo iliyosimama katikati ya njia mbili, nayo huitwa mti wa Krismasi. Juu kuna taa ndogo za kupanga gari. Chini yake kuna tatu za njano, kisha kijani, kisha nyekundu ya aliyetangulia kuondoka. Kwenye mstari wa kuanzia, karibu na ardhi, kuna miale miwili ya taa inayokatiza njia, imeachana kwa kama sentimita 18. Tairi la mbele likiukata mwale wa kwanza, taa ndogo ya kwanza inawaka. Likiukata wa pili, ya pili inawaka, nawe uko tayari.

Saa ya gari lako inaanza pale tairi linapoachia mwale wa pili. Unaweza kukaa kwenye kijani ukafunga mkanda upya na kumaliza soda yako, muda wa gari hautabadilika. Ule uzembe wako unaandikwa pembeni, kwenye kipimo kingine kinachoitwa muda wa kuitikia. Ukishindana na mtu unaweza kukuponza, maana anayefika mwisho kwanza ndiye mshindi. Ila ukiwa umekuja kulipima gari, usihangaike na mwenzako wa njia ya pili. Acha aondoke.

Hapa ndipo penye zawadi ya kwanza ya bure. Tairi ni duara pana, kwa hiyo likishaanza kuukata mwale lina kama sentimita 30 za kusogea kabla halijauachia. Ukisimama mara tu taa ya pili inapowaka, sentimita zote hizo ni zako: gari linaanza kutembea saa ikiwa imelala. Ukisogea mbele zaidi unazitupa. Wageni wengi husogea kwa pupa hadi karibu na mwisho wa mwale, kisha wanashangaa gari lao lina nini.

Soma risiti

Ukimaliza unapewa karatasi ndogo kama risiti ya dukani. Wengi hutazama namba moja tu, ya mwisho, wakaipiga picha. Namba yenye faida iko juu: muda wa futi 60, yaani mita 18 za kwanza. Gari la kawaida lenye tairi za kawaida hupita hapo kwa sekunde 2 na ushei.

Tuchukue mfano wa kubuni, gari moja, safari mbili za usiku mmoja:

- Safari ya kwanza: mita 18 kwa 2.38, nusu ya njia kwa 9.65, mwisho kwa 14.92, mwendo maili 94 kwa saa.
- Safari ya pili: mita 18 kwa 2.12, nusu ya njia kwa 9.27, mwisho kwa 14.53, mwendo maili 94 kwa saa.

Tazama mwendo wa mwisho: maili 94, au kilomita 151 kwa saa, safari zote mbili. Injini haikuongezeka nguvu hata kidogo. Tazama nusu ya pili ya njia: 5.27 na 5.26. Huko nako hakuna kilichotokea. Tofauti yote imezaliwa mwanzoni. Robo sekunde iliyookolewa kwenye mita 18 ilifika mwisho imekuwa karibu sekunde 0.4, kwa sababu gari lililochomoka vizuri halikutangulia tu, lilitangulia likiwa na kasi kubwa zaidi, na kasi hiyo likaenda nayo.

Mwendo wa mwisho unakuambia injini ina nguvu kiasi gani ukilinganisha na uzito wa gari. Muda unakuambia nguvu hiyo umeitumiaje. Mtu mwenye mwendo mkubwa na muda mbaya hahitaji turbo. Anahitaji mshiko, yaani tairi kuing'ang'ania lami badala ya kuzunguka bure.

Tairi na upepo

Anza na geji ya upepo, na iwe yako mwenyewe, maana geji mbili za mtaani hazikubaliani. Tairi za kawaida zinazosukuma gari, tuseme zinajazwa PSI 32, punguza hadi 28, kimbia, soma mita 18. Punguza hadi 26, kimbia tena. Upepo ukipungua, tairi linalala zaidi na sehemu inayogusa lami inakuwa kubwa. Kuna mahali muda utaacha kupungua na gari litaanza kuyumba mkia mwendoni. Hapo umepita mpaka, rudi juu. Zile zisizosukuma zifanyie kinyume: jaza zaidi ya kawaida ili zibiringike kwa wepesi, ila usivuke kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

Kabla ya mstari kuna sehemu iliyomwagiwa maji, ambako magari ya mbio huchoma tairi hadi moshi ukatanda. Inavutia, na mgeni hutaka kuijaribu. Kama una tairi za kawaida, izunguke, usipite ndani. Maji yataingia kwenye mifereji ya tairi na juu ya matao ya magurudumu, kisha yatadondoka pale pale unapotaka kuchomokea. Pitia pembeni, pakavu, zungusha tairi kidogo zitoe kokoto na vumbi, basi. Tairi la kawaida likichomwa sana halishiki zaidi, linapata moto na kuteleza.

Kuna tairi zilizotengenezwa kwa kazi hii na bado zinaruhusiwa barabarani. Mpira wake ni laini, ubavu wake unajikunja gari linapochomoka, na kwenye gari lenye nguvu za kutosha zinaweza kukata muda kuliko kifaa chochote cha injini cha bei hiyo hiyo. Hizo ndizo za kuchomwa kidogo, hadi moshi wa kwanza uonekane. Ubaya wake ni mvua: mifereji ni michache, na gari likikanyaga dimbwi kwenye mwendo wa barabara kuu linakuwa mashua. Pia huisha upesi. Ukiweza, zibebe kwenye buti na uzifungie uwanjani.

Jambo moja huwachanganya wengi: lami ya pale si lami ya kawaida. Mita za mwanzo hupuliziwa utomvu wa kunata, ukitembea juu yake kiatu kinataka kubaki nyuma. Muda ulioupata hapo hautaupata popote pengine.

*Kwa kifupi:* pima upepo kwa geji moja, badilisha PSI 2 kwa wakati mmoja, yakwepe maji, na uamini namba ya mita 18 kuliko hisia za makalio.

Uzito unakwenda wapi

Gari likichomoka, uzito unarudi nyuma. Pua inainuka, mkia unakaa. Kwa Mustang au Mark X, zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, hiyo ni neema: tairi zinazofanya kazi zinakandamizwa zaidi kadiri unavyokanyaga. Ndiyo maana wenye magari ya namna hiyo hulegeza shokapu za mbele, au hufungua stebilaiza ya mbele kwa usiku mmoja, ili pua iinuke kwa urahisi. (Irudishe kabla ya kwenda nyumbani. Kona ya kwanza itakukumbusha ukisahau, na itakukumbusha vibaya.) Kwa Civic na ndugu zake wanaovutwa na magurudumu ya mbele, uzito unazikimbia tairi zile zile zinazouhitaji, kwa hiyo wao hukaza nyuma ili mkia usikae.

Subaru inayosukuma magurudumu yote manne ina raha ya kuchomoka karibu popote. Raha hiyo ina bei yake. Tairi zisipoteleza, mshtuko wote unarudi ndani: klachi, giaboksi, ekseli. Gari linalosukumwa na magurudumu mawili likizidiwa linaunguza mpira, hili linakata meno ya gia. Fundi akikuuliza ulikuwa unaondokea mizunguko mingapi, mwambie ukweli, maana kifuniko kikifunguliwa ataona mwenyewe.

Kuhusu uzito wenyewe, kanuni ya uwanjani ni kwamba kila kilo 45 unazotoa hupunguza kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Vya kutoa kwanza:

- tairi la akiba, jeki na spana zake;
- kiti cha mtoto, zulia za miguuni, na makorokoro yote ya kwenye buti;
- spika kubwa na boksi lake;
- mafuta ya ziada: lita 40 za petroli ni kama kilo 30.

Mafuta yasikauke kabisa. Gari likichomoka, petroli inakimbilia nyuma ya tangi. Pampu ikivuta hewa, injini inakosa mafuta wakati inayahitaji kuliko wakati wowote. Robo tangi inatosha magari mengi. Na kuyatoa makorokoro si kwa ajili ya muda tu: mkaguzi akikuta kopo linabingirika chini ya kiti atakurudisha, maana linaweza kujipenyeza chini ya pedali ya breki.

Hewa ya Nairobi, hewa ya Doha

Injini inakula hewa zaidi ya petroli. Hewa ikiwa nzito, yaani ya baridi na ya mahali pa chini, kila pumzi ya injini ina oksijeni nyingi. Ukipanda mlima hewa inapungua, na injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Wamarekani walilijua hili vizuri pale Bandimere, karibu na Denver, njia iliyofungwa mwaka 2023 iliyokuwa kwenye mwinuko wa mita 1,770 hivi. Nairobi iko karibu sawa na hapo, kama mita 1,795. Gari linalomaliza kwa sekunde 14.0 usawa wa bahari litakaribia 14.9 kwenye mwinuko huo, huku halina ugonjwa wowote. Mwenye turbo huumia kidogo tu, kwani turbo ni pampu ya hewa, nayo inaweza kufidia sehemu kubwa ya kilichopungua. Kwa hiyo kijana wa Nairobi anayesifu turbo kuliko mwenzake wa Mombasa ana sababu.

Mombasa na Dar es Salaam ziko chini, lakini joto na unyevu vinakula faida hiyo. Ndugu zetu walioko Ghuba, wenye njia za dragi Sakhir kule Bahrain, Doha, na Yas Marina Abu Dhabi, wanajua kwa nini mbio huko ni za usiku na za miezi ya baridi.

Usichoweza kubadilisha ni hali ya hewa. Unachoweza ni joto la chini ya boneti. Baada ya kila safari fungua boneti na uache injini ipoe. Wenye turbo hupoza pia kipoza hewa, lile rejeta dogo linalopitisha hewa iliyobanwa na turbo, kwa mifuko ya barafu au maji ya kupuliza. Rejeta lisidondoshe maji kwenye njia, na kiyoyozi zima mapema kwa sababu hiyo hiyo. Safari tatu mfululizo bila kupumzisha gari zitakupa namba tatu zinazozidi kuharibika, nawe utadhani ni upepo wa tairi.

Mguu na mkono

Gari la otomatiki: mguu wa kushoto kwenye breki, wa kulia uongeze mafuta taratibu hadi injini ianze kulivuta gari, mara nyingi kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika, kisha achia breki na ukanyage. Ukiona tairi zinazunguka bure, usingoje hadi mwisho wa njia kujilaumu. Kanyaga polepole zaidi safari ijayo. Kukanyaga hadi chini mara moja ni kwa magari yenye mshiko wa kutosha, na la kwako huenda halimo.

Gari la gia za mkono linataka mazoezi. Ukiachia klachi ghafla, ama tairi zinateleza ama injini inazama. Iache isuguane kidogo katika mita za mwanzo, kuanzia kama mizunguko 2,500 hadi 4,000 kutegemea gari. Zima mfumo wa kuzuia tairi kuteleza kama gari linakuruhusu. Mifumo mingi ya zamani hukata nguvu kwa hofu na hairudishi upesi. Kubadilisha gia huko juu, si lazima ufike kwenye mstari mwekundu. Injini nyingi nguvu yake hushuka kabla ya hapo, na kuing'ang'aniza ni kupoteza muda kwa kelele. Jaribu mizunguko 300 chini ya ulivyozoea na uone mwendo wa mwisho unasemaje.

Yote haya yaandike: saa, joto, upepo wa tairi, mizunguko ya kuondokea, mita 18, mwisho. Badilisha kitu kimoja kwa safari. Anayebadilisha upepo, mizunguko na gia kwa pamoja akapata muda mzuri hajui amepewa na nani.

Pesa ikianza kutoka

Ukishachomoka vile vile safari tatu mfululizo, tofauti ya mita 18 isiyozidi sehemu chache za mia, sasa injini ina haki ya kuzungumziwa. Mimi ningeanza na tairi, kisha huduma ya kawaida (plagi, oili, filta safi), kisha programu ya kompyuta ya injini kwa gari la turbo, ambako ongezeko huwa kubwa kwa bei yake. Kwa gari lisilo na turbo programu huongeza kidogo, na pesa hiyo ni bora iende kwenye difu yenye uwiano mfupi, inayozidisha msukumo kwenye kila gia. Difu hiyo itakula mafuta zaidi na injini itapiga kelele kwenye safari ndefu, kwa hiyo mwenye kwenda Arusha kila mwezi afikirie mara mbili.

Muda unapoleta masharti

Katika njia zinazofuata kanuni za NHRA, hata gari la polepole kabisa linataka dereva mwenye suruali ndefu, shati na viatu vya kufunika. Kandambili hazipiti. Ukifika 13.99 au chini yake, helmeti ni lazima. Gari la paa la kukunja linadaiwa bomba la chuma la kukinga kichwa kuanzia 13.49, la paa la bati kuanzia 11.49, ingawa magari mapya ya kiwandani yamepewa nafuu kwa sababu bodi zake ni imara zaidi.

Hilo bomba ndilo linalogawa njia. Uwanjani, ukiwa na helmeti na mikanda ya mbio, linakuokoa gari likipinduka. Barabarani, ukienda sokoni bila helmeti, ni chuma kilicho sentimita chache kutoka kwenye fuvu lako, na ajali ndogo ya kugongwa nyuma inaweza kukurusha juu yake. Sponji ngumu hupunguza madhara lakini haiyaondoi. Wengi wakifika 11.6 husimama hapo kwa makusudi, wakapunguza upepo wa turbo na kuendelea kuendesha gari la watu wanne. Wengine hung'oa viti vya nyuma, wanachomelea bomba, na kununua gari jingine la kwendea kazini.